Programu za bure si mbaya, lakini nani atazirekebisha kesho?

Katika miji ya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, vijana wengi wanatengeneza programu za kompyuta na za simu kwa ajili ya vituo vya afya, mashule, coopec na vikundi vya akiba. Karibu kila programu kati ya hizo imejengwa kwa vipande vya bure vilivyochukuliwa kwenye intaneti. Bila vipande hivyo, kazi nyingi zisingewezekana. Lakini mtu anayetaka kuvitwika feza na siri za watu anapaswa kuuliza kwanza kama viko tayari kubeba mzigo huo. Swali hilo linaulizwa mara chache mno.

Siku ya kuonyesha kazi inafanana karibu kila mahali. Jenereta inawashwa, picha ya kompyuta inaonyeshwa ukutani, wasimamizi wa coopec wanakaa mbele. Kijana anaingiza jina la memba, anaandika dola 20, anabonyeza, na risiti inatokea. Watu wanapiga makofi. Malipo ya mwisho yanatolewa, na kesho yake akina mama wa soko wanaanza kuandikiwa akiba yao ndani ya programu. Hakuna aliyeuliza imejengwa kwa kitu gani.

Hilo si kosa la kijana peke yake. Hakuna fundi wa programu duniani anayeandika kila kitu tangu mwanzo, kama vile seremala asivyofua misumari yake mwenyewe. Sehemu ya kuhesabu tarehe, ya kuchapisha risiti, ya kulinda neno la siri, ya kutuma ujumbe kwa simu: zote zimekwisha kuandikwa na watu wengine, ambao wameziweka wazi ili kila mtu azisome, azitumie na azibadilishe. Mafundi wanaviita vipande hivyo maktaba huria. Programu ndogo ya akiba inaweza kuchagua maktaba 10, na kila moja ikavuta zingine nyuma yake, hadi zifikie mamia bila mwenye programu kujua hata majina yake.

Kufanya kazi si kuwa tayari

Maktaba inayofanya kazi ni ile iliyotoa jibu zuri siku ya majaribio. Maktaba iliyo tayari ni ile itakayoendelea kutoa jibu zuri wakati watu 500 wanaingia kwa mara moja, wakati umeme umekatika katikati ya malipo, na wakati mtu mwenye nia mbaya anajaribu kuidanganya. Zaidi ya yote, ni ile ambayo, siku itakapokosea, kuna mtu atakayeirekebisha.

Jambo hilo lina uzito kwa sababu karibu leseni zote za maktaba huria zinasema wazi kwamba kitu kinatolewa jinsi kilivyo, bila dhamana yoyote. Aliyeiandika hadaiwi kitu. Maana yake, tangu siku fundi wa Goma au wa Uvira anapoingiza maktaba katika programu yake, madhara yote yako juu yake na juu ya aliyemlipa. Mama aliyepoteza akiba yake hatakwenda kumdai mtu asiyemjua upande wa pili wa dunia. Atakuja kugonga mlango wa coopec.

Ndiyo maana hukumu juu ya maktaba haiwezi kuachiwa bahati. Ni sehemu ya kazi, sawa na kuandika programu yenyewe.

Nyuma ya maktaba kuna mtu, mara nyingine mmoja tu

Miaka ya karibuni imetoa mafunzo ya kutosha.

Mwezi wa Aprili 2014 dunia iligundua kosa lililopewa jina la Heartbleed. Lilikuwa ndani ya OpenSSL, maktaba ambayo sehemu kubwa ya tovuti za dunia ilikuwa ikiitumia kwa kufunga mazungumzo kati ya mteja na seva, zikiwemo tovuti za benki na za maduka. Kosa hilo lilikuwa limekaa humo tangu mwaka 2012. Kwa njia yake, mtu wa nje aliweza kusoma vipande vya kumbukumbu ya seva, pamoja na maneno ya siri. Watu walipotazama nani alikuwa akitunza maktaba hiyo, walikuta mfanyakazi mmoja tu wa kudumu, na michango ya takriban dola 2.000 kwa mwaka. Makampuni yenye mabilioni yalikuwa yamejenga nyumba zao juu ya nguzo ambayo hakuna aliyekuwa akiilipia.

Tarehe 22 Machi 2016 ilikuwa zamu ya left-pad, maktaba ya mistari 11 tu. Kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno. Mwandishi wake, Azer Koçulu, aligombana na wasimamizi wa ghala la npm juu ya jina la maktaba yake nyingine, akaondoa kazi zake zote. Ndani ya muda mfupi, mafundi wa sehemu mbalimbali za dunia walishindwa kujenga programu zao, kwa kuwa vyombo vikubwa walivyovitegemea vilikuwa vikiita mistari hiyo 11. Iliwabidi wasimamizi wa ghala wairudishe saa chache baadaye. Wengi wa walioathirika hawakuwa wamewahi kusikia jina left-pad. Hawakuichagua wao. Ilikuwa imekuja nyuma ya maktaba zingine.

Kisa cha tatu kinatisha zaidi. Tangu mwaka 2021, mtu aliyejiita Jia Tan alianza kusaidia katika xz, maktaba ya kubana mafaili inayotumiwa karibu katika kila mfumo wa Linux. Mtunzaji wake, Lasse Collin, alikuwa karibu peke yake na alikuwa amechoka. Majina mengine yasiyojulikana yalimlalamikia hadharani kwamba anachelewa, kwamba awape wengine nafasi. Jia Tan akapewa imani. Mwanzoni mwa mwaka 2024, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka yakiwa na mlango wa siri ambao ungemruhusu mwenye ufunguo wake kuingia katika seva za watu. Fundi Andres Freund aliugundua, na habari ikatolewa tarehe 29 Machi 2024. Alikuwa ameona kwamba kuingia katika mashini yake kunachukua karibu nusu sekunde zaidi, akataka kujua kwa nini.

Visa hivyo vitatu vinaonyesha jambo moja: ubora wa maktaba hauko katika msimbo peke yake. Uko pia katika watu wanaoitunza, idadi yao, riziki yao na uchovu wao. Fundi anayetaka kujua kama maktaba iko tayari anaanza kwa kutafuta watu hao. Je, wanaosahihisha ni wawili, kumi au mmoja? Mtu akitoa taarifa ya kosa, anajibiwa baada ya siku mbili au miezi minane? Kuna shirika, chuo kikuu au kampuni nyuma yao? Kuna anuani ya kupeleka taarifa ya tundu la usalama kimya kimya kabla wezi hawajaijua? Majibu ya maswali hayo yako wazi kwa kila mtu katika ukurasa wa maktaba huria. Yanahitaji saa moja ya kusoma.

Namba na nyota zinaweza kudanganya

Wengi hawafanyi hivyo. Wanatazama nyota ambazo watu wameipa maktaba, wanatazama namba ya toleo, basi. Nyota zinaonyesha kwamba kitu kinajulikana. Hazionyeshi kwamba kinatunzwa, na kuna watu wanaozinunua.

Namba ya toleo ina maana, lakini lazima isomwe kwa akili. Kwa desturi ya mafundi, maktaba ambayo namba yake inaanza na 0 inasema kwamba inaweza kubadilika wakati wowote, na ile iliyofika 1.0 inaahidi kutovunja kazi za wanaoitegemea bila kutangaza. Hata hivyo pandas, maktaba maarufu ya kuchambua takwimu iliyoanzishwa mwaka 2008, ilifika toleo 1.0 mwezi wa Januari 2020 tu, wakati watafiti na makampuni walikuwa wamekwisha kuitumia kwa miaka mingi. Na kuna maktaba nyingi zilizoandikiwa 1.0 na mtu mmoja kwa siku moja. Namba ni ahadi. Anayetaka kujua thamani ya ahadi anatazama historia ya aliyeitoa: matoleo yaliyopita yalivunja nini, na walioathirika walionywa namna gani?

Tarehe ya marekebisho ya mwisho nayo ina mtego wake. Maktaba isiyoguswa kwa miaka mitatu inaweza kuwa imekufa. Inaweza pia kuwa imekamilika. Tofauti inajulikana kwa kutazama kama makosa yaliyotajwa yamejibiwa au yamerundikana. Kuna watunzaji wanaosema ukweli. Mwezi wa Septemba 2020, watunzaji wa Moment.js, maktaba ya tarehe iliyokuwa ikitumiwa sana, walitangaza kwamba hawataiongezea mambo mapya, na wakashauri programu mpya zichague nyingine. Python 2 ilitangaziwa siku yake ya mwisho miaka mingi kabla: tarehe 1 Januari 2020. Anayejenga programu mpya leo juu ya kitu ambacho wenyewe wamekwisha kukiaga hawezi kusema hakuonywa.

Kwa upande mwingine kuna SQLite, maktaba ndogo ya kuhifadhi takwimu iliyoanza mwaka 2000. Watunzaji wake ni wachache sana, jambo ambalo lingetia wasiwasi. Lakini wanaishi kwa kazi hiyo, majaribio waliyoyaandika ni mengi mara mamia kuliko maktaba yenyewe, na wametangaza nia ya kuitunza hadi mwaka 2050. Imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone inayopita sokoni Birere. Mtu anayehesabu watunzaji tu angeikataa. Anayetazama pia majaribio, malipo na ahadi angeichagua bila kusita.

Ijaribiwe mahali itakapofanya kazi

Hata maktaba yenye watunzaji wazuri inaweza isiwe tayari kwa kazi ya Kivu au ya Ituri. Nyingi zinaandikwa na watu wenye umeme mchana na usiku na intaneti isiyokatika. Waandishi wake hawana nia mbaya. Hawajawahi tu kuona mashini ikizimika katikati ya malipo.

Jaribio la kwanza ni kukata mtandao. Baada ya uchaguzi wa mwezi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa katika inchi nzima kwa karibu siku 20, tangu tarehe 31 Desemba hadi mwezi wa Januari 2019. Programu iliyokuwa ikivuta maktaba zake kutoka seva ya mbali kila inapofunguliwa isingeweza kufunguka hata kwenye kompyuta iliyo mezani. Na bila kusubiri uchaguzi, mega zinaisha kila siku. Wanaofanya uchunguzi vijijini wanajua faida ya kitu kilichofikiriwa kwa mazingira hayo: KoBoToolbox, programu huria ya maswali ambayo mashirika mengi ya misaada yanaitumia, inaruhusu mtu ajaze fomu mahali pasipo mtandao, kisha aitume anaporudi mjini.

Jaribio la pili ni saa. Congo ina saa mbili: Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Maktaba ya tarehe inayodhani kwamba Congo yote ni Kinshasa itaandika malipo ya Goma ya saa sita na nusu usiku, tarehe 1 ya mwezi, kama malipo ya saa tano na nusu, siku ya mwisho ya mwezi uliopita. Kwa mchezo wa simu si kitu. Kwa mtu ambaye deni lake lilipaswa kuanza kuhesabiwa mwezi mpya, au ripoti ya zoni ya afya inayofungwa mwisho wa mwezi, ni kosa lenye kuleta ugomvi. Vilevile 03/04 kwa Mmarekani ni tarehe 4 ya mwezi wa tatu. Kwa Mcongomani ni tarehe 3 ya mwezi wa ine. Mgonjwa aliyepewa tarehe ya kurudi kuchukua dawa hawezi kulipia tofauti hiyo.

Jaribio la tatu ni feza. Kompyuta inapohesabu desimali kwa njia yake ya kawaida, 0,1 na 0,2 hazifanyi 0,3 kamili: inatoka 0,30000000000000004. Tofauti hiyo haionekani kwenye risiti moja. Inaonekana baada ya maelfu ya mahesabu, hasa katika inchi ambamo mtu analipa nusu kwa dola na nusu kwa franka za Congo, na kiwango cha kubadilisha kinageuka asubuhi na jioni. Maktaba inayofaa kwa feza inahesabu senti kama namba kamili, au ina njia maalum ya desimali. Fundi asiyejua maktaba yake inatumia njia gani hajui kama hesabu za memba wake zitalingana mwisho wa mwaka.

Uzito wa majaribio hayo umeonekana waziwazi. Tangu mwisho wa Januari 2025, benki za Goma zilipofunga milango, wakaaji wengi walibaki na simu kama njia kubwa ya kutuma na kupokea feza. Katika hali hiyo, programu haiko tena kando ya maisha. Mshahara, dawa na chakula vinapita ndani yake.

Kununua hakuondoi swali

Kuna wakubwa wa ofisi wanaosikia visa hivyo na kutoa jibu moja: basi vitu vya bure viachwe, kinunuliwe kitu chenye kampuni. Jibu hilo linaeleweka. Kampuni ina mkataba, ina namba ya kupiga, ina mtu wa kushtaki.

Lakini tarehe 19 Julai 2024, marekebisho mabaya ya programu ya kulipiwa ya kampuni ya CrowdStrike yaliangusha takriban kompyuta milioni 8,5 za Windows. Ndege hazikuruka, mahospitali yaliahirisha kazi. Waliolipa walianguka pamoja, na hawakuwa na uwezo wa kufungua msimbo ili waone kosa liko wapi. Mlango wa siri wa xz uligunduliwa kwa kuwa msimbo na mafaili yake vilikuwa wazi mbele ya mtu mwenye udadisi. Tena, programu nyingi za kulipiwa zimejaa maktaba huria ndani yake. Anayenunua hakimbii swali. Anamlipa mtu mwingine amjibie, na mara nyingi hapewi jibu lenyewe.

Kwa coopec ndogo au kituo cha afya cha mission, kuna sababu nyingine. Leseni ya dola 3.000 kwa mwaka ni mshahara wa mtu. Vitu huria vimewapa vijana wa Congo nafasi ya kujenga bila kuomba ruhusa ya mtu. Kuvikataa vyote kwa sababu ya woga ni kujinyima. Mfano mzuri uko karibu: takwimu za kila mwezi za zoni za afya za inchi hii zinapita katika DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa katika inchi zaidi ya 70. Ina watunzaji wanaolipwa, ina mafunzo, na inatangaza wazi matoleo yapi bado yanarekebishwa na yapi yameachwa. Ni ya bure, lakini kuna watu wanaolipwa ili iendelee kufanya kazi. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Wengine watasema kwamba fundi kijana, aliyepewa miezi mitatu na bei isiyofika dola 1.000, hana wakati wa kuchunguza mamia ya maktaba. Ni kweli. Lakini hakuna anayemdai achunguze zote kwa uzito sawa. Maktaba inayopaka rangi kifungo si sawa na ile inayolinda neno la siri. Zile zinazogusa feza, utambulisho wa mtu, siri ya mgonjwa na kuhifadhi takwimu huwa hazizidi kumi. Hizo zipewe siku mbili. Kwa zilizobaki kuna vyombo vya bure vinavyosoma orodha nzima na kutaja zenye matundu yanayojulikana, na kuna Scorecard ya OpenSSF, inayotoa alama kutoka 0 hadi 10 kwa namna maktaba inavyotunzwa. Alama hiyo haimalizi hukumu, lakini inaonyesha pa kuanzia. Na maktaba ya mistari 11? Fundi aandike mistari hiyo mwenyewe.

Anayelipa ndiye wa kuuliza

Mzigo mkubwa zaidi uko kwa anayelipa. Mashirika, mashule, mahospitali na coopec zinaandika mikataba yenye rangi ya kurasa na idadi ya vifungo, lakini haina mstari hata mmoja juu ya matunzo. Programu inapokelewa kama meza: ikiisha kuletwa, imeisha. Miaka miwili baadaye fundi amehamia Kampala au Kinshasa, na hakuna anayejua ndani mna nini.

Kampuni ya Equifax ya Marekani ililipia kosa la aina hiyo. Mwezi wa Machi 2017, watunzaji wa Apache Struts, maktaba iliyokuwa ikiitumia, walitangaza tundu kubwa na kutoa dawa yake bure siku ileile. Equifax haikuiweka mahali palipohitajika. Mwezi wa Mei wezi waliingia, na habari za watu wapatao milioni 147 zikaibwa. Watunzaji wa bure walikuwa wamefanya kazi yao. Aliyelala ni mwenye nyumba. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa hata udongo wa kuzibia ulikuwa umeletwa mlangoni.

Congo sasa ina sheria: Kanuni ya Numérique ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inalinda habari za binafsi za watu. Kituo cha afya kinachohifadhi majina ya wagonjwa na magonjwa yao hakiwezi kujitetea kwa kusema kwamba kosa lilitoka katika maktaba ya mtu asiyejulikana. Siri ya mgonjwa ikisambaa mtaani hairudi tena.

Kwa hiyo kila mkataba wa programu unapaswa kudai mambo machache, ambayo hata msimamizi asiyejua kompyuta anaweza kuyasoma. Kwanza, orodha ya maktaba zote zilizotumiwa, pamoja na namba za matoleo na leseni zake. Pili, kwa zile zinazogusa feza na siri, sababu ya kuchaguliwa kwake: nani anazitunza, na ikiwa ataacha, njia ya kutoka ni ipi. Tatu, jaribio la kukata mtandao na umeme mbele ya wasimamizi, siku ileile ya makofi. Ine, jina la mtu atakayetazama marekebisho kila mwezi, na malipo yake. Programu isiyo na bajeti ya mwaka wa pili haijamalizika, hata kama risiti inatoka vizuri.

Vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Butembo na Lubumbashi navyo vina sehemu yao. Mwanafunzi anatetea kazi yake ya mwisho mbele ya walimu wanaomuuliza juu ya michoro na mbinu. Aulizwe pia: kati ya maktaba alizotumia, ipi inaweza kumwangusha, na alijuaje? Mwanafunzi aliyewahi kujibu swali hilo mara moja atalibeba katika kila kazi atakayofanya. Na akigundua kosa, akilipeleka kwa watunzaji pamoja na dawa yake, atakuwa ameacha kuwa mtu wa kuchukua tu. Maktaba inayotunzwa pia na mtu wa Bukavu ina nafasi kubwa zaidi ya kujua kwamba Congo ina saa mbili.

Akina mama wanaoleta akiba yao kila Jumamosi hawatasoma orodha hiyo. Hawahitaji kujua left-pad ni nini. Wamemwamini msimamizi wa coopec, naye amemwamini fundi, naye fundi amewaamini watu ambao hajawahi kuwaona. Imani hiyo si mbaya, mradi kuna mahali fulani katika mnyororo huo mtu aliyesimama na kuuliza. Wakati huu, katika programu nyingi, mtu huyo bado hayupo.